Kocha Mwenye Vikombe Haruhusiwi Kutiliwa Shaka?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni shabiki wa timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, tangu enzi ambazo Hasheem Thabeet wetu aliichezea. Kocha Dan Hurley alipotwaa ubingwa wa vyuo mwaka 2023 na 2024, nilimsifu katika kila kijiwe cha hapa Nyegezi. Timu ilipofungwa michezo mitatu mfululizo mwezi Novemba 2024, nikasema amekwisha, na tangu hapo kaka yangu ananiita shabiki maandazi. Je, kocha mwenye vikombe haruhusiwi kutiliwa shaka? — Msomaji, Nyegezi, Mwanza.

JIBU: Ndugu msomaji, kumtilia shaka kocha ni haki yako, ila ushahidi uliotumia ni mwembamba mno. Vipigo hivyo vitatu vilitokea Maui, katika visiwa vya Hawaii, ndani ya siku tatu. Cha kwanza, dhidi ya Memphis, kilikuwa cha 99 kwa 97 baada ya muda wa nyongeza, na cha pili, dhidi ya Colorado, kilikuwa cha pointi moja tu; ni kile cha Dayton, 85 kwa 67, ambacho kingemnyima usingizi shabiki yeyote mwenye akili timamu. Zaidi ya hayo, wachezaji wanne kati ya watano walioanza fainali ya 2024 walikuwa wameshachaguliwa na timu za NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, akiwemo Stephon Castle aliyechaguliwa wa nne na Donovan Clingan wa saba. Klabu ya soka ikiuza nyota, hupata fedha za kununua wengine. Kocha wa chuo hubaki na pengo, kisha huanza kuwafundisha vijana wapya namna ya kukaba.

Tena Hurley mwenyewe hakuanza na vikombe. Aliajiriwa mwaka 2018, na msimu wake wa kwanza ulikwisha kwa ushindi mara 16 na kufungwa mara 17. Mwaka 2021 na 2022 alitolewa katika mchezo wa kwanza wa mashindano ya taifa, na hata msimu wa ubingwa wa 2023, baada ya kushinda michezo 14 ya mwanzo, timu yake ilifungwa sita kati ya minane iliyofuata. Aliyemkana mwezi Januari mwaka huo alimwona mwezi Aprili akibeba kombe, baada ya kushinda michezo yote sita ya mtoano, kila mmoja kwa tofauti ya zaidi ya pointi kumi.

Mtoano huo ndio unaowavuruga mashabiki wengi, hasa sisi tunaoamka saa kumi alfajiri kutazama fainali na kwenda kazini tumenuna. Ukifungwa mara moja umetoka. Machi 2025 Connecticut ilitolewa na Florida kwa 77 kwa 75, na Florida hao hao wakatwaa ubingwa. Sioni jinsi kipigo hicho kinavyoweza kuwa hati ya mashtaka dhidi ya kocha.

Hata hivyo, kaka yako naye asijione mshindi, kwa sababu vikombe si kinga ya milele. Kevin Ollie aliipa Connecticut hiyo hiyo ubingwa mwaka 2014, lakini kabla ya kuachishwa kazi mwaka 2018, huku kukiwa na uchunguzi wa ukiukaji wa kanuni, timu yake ilikuwa imemaliza misimu miwili mfululizo ikifungwa mara nyingi kuliko ilivyoshinda. Shaka ya namna hiyo ilikuwa na msingi, maana misimu miwili inatosha kuonyesha kama vijana wanakua au wanadumaa. Kwa hiyo, msimu ujao Connecticut ikifungwa Novemba, subiri hadi Februari uone kama ukabaji wake umebadilika. Usipobadilika, mlalamikie Hurley kwa sauti yoyote uitakayo, na kaka yako atakosa la kukujibu.