Buibui mkubwa ukutani: weka chini hayo mafuta ya taa

Usimwagie mafuta ya taa, wala usiwashe kiberiti. Dada yangu wa Malindi, umeuliza buibui mpana kama kiganja, anayekimbia ukutani usiku huku amebeba kitu cheupe, ni wa aina gani, na ufanye nini asiingie tena. Kisha ukaongeza kwamba jirani amekushauri umchome humo humo kwenye ufa wa dari. Hapo ndipo niliposhtuka, kwa sababu ushauri huo nimewahi kuufuata mimi hapa Lamu.

Muuza dawa za wadudu, ambaye hata hakumwona buibui mwenyewe, aliniapia kwamba kile cheupe ni mfuko wa sumu na kwamba mtoto akiumwa hafiki asubuhi. Nilimwamini. Buibui alikuwa amejibana baina ya boriti na makuti ya chumba cha juu. Nikaloweka kitambaa kwa mafuta ya taa, nikakifunga kwenye fimbo, nikakiwasha. Makuti makavu hayana subira. Kabla sijashusha mkono, moto ulikuwa umeshapanda, na majirani wakapokezana ndoo kutoka birikani hadi ngazini mpaka ukazimika. Nusu ya paa iliteketea, boriti tatu zikawa makaa, na karo ya muhula mzima ya watoto ikaishia kwa fundi wa kuezeka. Sijamsamehe mtu yule, kwani huuza hofu kwanza ndipo auze chupa.

Alfajiri nilimkuta buibui kwenye kidaka cha chini, mzima, na mfuko wake ameukumbatia chini ya kifua: bapa, wa mviringo, uliofumwa kwa hariri yake mwenyewe. Yalikuwa mayai.

Kwa maelezo yako, huyo wako ni jike wa Heteropoda venatoria, buibui mwindaji aliyeelezwa na Linnaeus, mtaalamu wa viumbe wa Uswidi, mwaka 1767, ambaye ameenea katika nchi za joto kwa kusafiri ndani ya mizigo ya meli. Mwili wake ni bapa, miguu ameitandaza kando kama kaa, juu ya mdomo ana mstari mweupe, na hatandi utando wa kunasia, bali hukimbiza mende usiku. Akibanwa huuma, hasa akiwa na mayai, na maumivu yake hukaribia ya nyuki, lakini si muuaji. Buibui mnene mwenye manyoya, anayekaa shimoni na kuinua miguu ya mbele akichokozwa, ni mwingine kabisa, huyo usimkaribie.

Basi shika hili moja: mtambue kwanza, ndipo umtendee neno. Usiku wa leo mpige picha kutoka juu, nyingine ya uso, uweke shilingi ukutani karibu naye ili ukubwa wake uonekane, kisha nitumie. Na hicho kitambaa, kama umeshakiloweka, kitoe nje ya nyumba sasa hivi.