Beringi za nyuma na nyundo zenu

Barua za wiki hii ni za magari ya zamani tupu, na nyingi zina nyundo ndani yake.

*Fundi, shikamoo. Marehemu baba aliniachia Ford Escort ya 1976. Nimenunua beringi mpya za nyuma. Jirani anasema nizigonge kwa paipu hapa nyumbani, na kola ya zamani, ile pete ya chuma inayobana beringi kwenye shafti, niirudishe kwa kuwa bado ni nzima. Ni sawa? – Msomaji, Kiamunyi, Nakuru*

Marahaba. Si sawa, na jirani yako amekosea mara mbili katika pumzi moja. Kwenye ekseli hiyo bamba la bolti nne hushika beringi, na kola ndiyo inayoishika shafti isichomoke. Hakuna klipu wala nati nyuma yake. Kola ikiteleza, gurudumu, dramu na shafti hutoka kwa pamoja, nawe labda uko mteremko wa Salgaa na lori liko nyuma yako. Kola iliyokwisha kutoka haina tena mshiko wake wa kwanza, hata iwe inang'aa namna gani. Nunua mpya.

Kazi ya nyumbani ipo. Toa gurudumu na dramu, fungua bolti za bamba kupitia tundu la flanji (sahani ya shafti inayobeba gurudumu), chomoa shafti. Ikigoma, geuza dramu, ishike kwa nati chache zilizolegea, kisha uivute kwa mishtuko hadi shafti iachie. Kola nayo itoboe kwa drili bila kufika kwenye shafti, halafu umalizie kwa tindo, itapasuka. Grainda ikae mbali. Mkwaruzo utakaouacha hapo ndipo shafti itakapokuja kukatikia.

Kutoka hapo viringisha shafti kwenye gunia uipeleke kwenye presi, mashine ya kusukuma vyuma viingiane. Nakuru presi zipo, na Kisumu ulizia pale Kibuye. Usiiache ukaenda kunywa chai. Hakikisha bamba limeingia kwenye shafti kabla ya beringi, kwa sababu nimeona vijana wakimaliza kila kitu, wakipangusa mikono, ndipo wanaliona bamba limelala juu ya benchi. Beringi mpya ikavunjwa saa hiyo hiyo. Presi isukume ringi ya ndani. Ikisukuma ya nje, nguvu yote inapitia kwenye gololi, zinachimba vijishimo kwenye njia yake, na gari litaanza kulia kabla hujafika nyumbani. Beringi ifike mwisho peke yake kwanza, ndipo kola ifuate, zisisukumwe pamoja. Kisha tazama geji ya presi inayoonyesha nguvu ya kusukuma: kola ikiteremka kwa ulaini, presi haihangaiki, ikatae. Ama kola si ya gari hilo, ama shafti imelika.

Hapo ndipo atatokea mtu wa kukwambia, "Tuipige welding kidogo tu." Lipa ulichodaiwa, chukua shafti yako, ondoka. Moto wa welding unaua grisi na sili ya beringi, na chuma cha shafti hakitabaki na ugumu wake.

*Beringi ya nyuma ya Datsun ni namba ngapi? – Bungoma*

Datsun gani? Ya mwaka gani? Saluni au pikapu? Nimeomba mara nyingi mniandikie modeli na mwaka, bado mnanitumia sentensi moja kama telegramu. Soma namba kwenye beringi uliyoitoa. Kwa gololi za kawaida, tarakimu mbili za mwisho zidishe kwa 5 upate tundu: 6306 ni milimita 30 ndani, 72 nje, unene 19. 2RS ni sili za mpira pande zote mbili, ZZ ni vifuniko vya chuma. C3 ni nafasi ya ndani iliyozidi ya kawaida, kwa hiyo muuzaji asikwambie ndiyo "orijino". Na kama ya kwako ilikuja na sili ya oili imejengwa ndani, inayolingana nayo kwa vipimo tu itaacha oili ya difu (gia zilizo katikati ya ekseli) ipite hadi kwenye breki.

*Corolla yangu ya zamani inavuma kuanzia kilomita 60 kwa saa. Fundi anataka kufungua difu. – Kisumu*

Mzuie kwanza. Nenda barabara ya Ahero, pale palipo nyoofu, uendeshe kwa mwendo huo huo, ukanyage mafuta kisha uachie. Sauti ikibadilika na mguu wako, shuku difu. Ikifuata mwendo tu, na kuzidi au kupungua ukipinda upande mmoja, shuku beringi. Ikibadilika pale lami inapobadilika, ni tairi. Halafu inua nyuma, zungusha gurudumu kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa juu ya springi. Beringi iliyokufa utaisikia ikikwaruza vidoleni hata kama masikio hayajasikia kitu. Difu hufunguliwa mwisho, ingawa mafundi wengi huanzia hapo kwa kuwa ndipo penye pesa.

*Land Rover Series III. Nimebadilisha sili za habu mara mbili, oili inarudi. – Mumias*

Kipumulio cha difu kimezibwa na tope la barabara za miwa. Oili ikipata moto, hewa inakosa pa kutokea na kuisukuma kwenye sili. Kisafishe, kisha angalia kama hujajaza oili kupita kiasi. Beringi za habu zako ni za kukazwa, si za presi: kaza ukizungusha, halafu legeza hadi ubaki na mchezo wa kama milimita 0.1. Lainingi za breki zilizolowa oili tupa. Kuzichoma kwa petroli hakuzirudishi. Na vumbi la lainingi za zamani msilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa, nyingi zilitengenezwa kwa asbesto. Lowesha, pangusa.

*Nati ya nyuma ya Volkswagen Beetle nikaze kiasi gani? – Kakamega*

Karibu Nm 300 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Spana ya boksi ya 36, na bomba refu.

*Jeki ya gari peke yake inatosha kwa kazi hii? – Njoro*

Haitoshi. Stendi mbili chini ya ekseli, na mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, maana breki ya mkono inashika yale yale uliyoyainua.