Maswali na majibu: Tovuti ya hakathoni kubwa

Juma hili nimeiachia safu hii vijana wanaoandaa hakathoni, yale mashindano ya siku mbili au tatu ambamo timu hukesha zikitengeneza programu kisha zikaonyesha kazi zao mbele ya majaji. Waliouliza wanatarajia mamia ya washiriki, na kwa idadi hiyo fomu moja ya Google na kundi la WhatsApp havitoshi tena.

Dada, tunatarajia watu 800. Wenzangu wanataka tuanze na ukurasa wa mbele wenye picha zinazocheza. Mimi naona tunakosea. Tuanze na nini? (Mwanafunzi, Dodoma)

Unaona sawasawa, mdogo wangu. Anzeni na saa ya mwisho ya shindano. Watu 800 wakikaa wannewanne ni timu 200, na karibu zote zitawasilisha mradi katika nusu saa ya mwisho. Wote wamekesha, betri zinaelekea kuisha na waifai imelemewa. Tovuti ikisimama katika saa hiyo, anayeumia ni aliyefanya kazi kwa uaminifu usiku kucha. Hilo ndilo jambo la kulizuia kwanza, hata kama ukurasa wa mbele utabaki mweupe.

Fomu ya kuwasilisha ijihifadhi yenyewe kila baada ya sekunde chache. Iruhusu timu kuandika jina la mradi na maelezo mafupi tangu siku ya kwanza, kisha kurekebisha hadi dakika ya mwisho. Msipokee video kwenye seva yenu, yaani kompyuta inayobeba tovuti. Waombeni waiweke YouTube, nanyi mpokee kiungo tu. Msimbo wa programu nao ubaki GitHub au GitLab, tovuti za kuhifadhia msimbo. Mkifanya hivyo, kinachoingia kwenu saa ya msongamano ni maandishi machache, na hata seva ndogo huyamudu. Wiki mbili kabla, ishambulieni wenyewe kwa programu ya majaribio kama k6 au Locust, mkiiga timu 200 zinazobonyeza kwa pamoja.

Ukurasa wa mbele uwe faili za kawaida zisizogusa hifadhidata, ili hata jukwaa (mfumo wa usajili na wa kuwasilisha miradi) likilala, ratiba ibaki inasomeka. Useme tarehe, mahali, nani anaruhusiwa, kama kuna malazi na chakula, na kama nauli inarudishwa. Mshiriki anaufungua kwa bando lake mwenyewe, kwa hiyo usizidi MB moja.

Na saa! Mkiandika tu "mwisho saa 12:00", mmoja ataelewa alfajiri, mwingine mchana, mwingine usiku wa manane. Andikeni "saa 6:00 mchana (12:00, saa za Afrika Mashariki)", na pembeni muweke saa inayohesabu kurudi nyuma, ikifuata saa ya seva na si ya simu ya mtu.

Tujenge jukwaa wenyewe au tutumie lililopo? (Mratibu, Nairobi)

Tumieni lililopo, mjenge kile tu kinachokosekana. Mwezi Aprili 2020, wakati wa korona, hakathoni ya mtandaoni ya Ulaya iliyoitwa EUvsVirus ilikusanya zaidi ya watu 20,000 na miradi zaidi ya 2,000, na miradi hiyo iliwasilishwa kupitia Devpost, jukwaa lililokuwapo miaka mingi. Kwa usajili, wanafunzi wanaoandaa HackMIT, hakathoni ya chuo cha MIT kule Marekani, walitengeneza programu iitwayo Quill, wakaitoa bure pamoja na msimbo wake. Hata msipoitumia, someni hatua zake: mtu anathibitisha barua pepe, anajaza maombi, anakubaliwa, kisha anathibitisha kwamba atakuja kabla ya tarehe fulani. Asiyethibitisha, nafasi yake inakwenda kwa anayesubiri. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo waandaaji wengi huiruka, halafu wanapika chakula cha watu ambao hawatatokea.

Kila mwaka kuna malalamiko kuhusu majaji. Timu iliyopangiwa jaji mkali inakufa, iliyopata jaji mpole inapeta. Jukwaa linaweza kusaidia? (Mhadhiri msaidizi, Kampala)

Linaweza, na kwangu hili ndilo swali kubwa kuliko yote ya leo, kwa sababu hapa ndipo kijana huamua kama atashiriki tena.

Alama za moja hadi kumi ndizo zinazoleta tatizo. Saba ya jaji mmoja ni nne ya mwenzake. Njia bora ni kumwomba jaji alinganishe: ametoka meza ya 41, sasa yuko meza ya 17, ipi imemzidi mwenzake? Anabonyeza kitufe kimoja, simu inampeleka meza inayofuata. Ukali na upole wake haviharibu kitu, maana analinganisha kwa jicho lilelile. Majibu yote hukusanywa na kugeuzwa kuwa mpangilio mmoja kwa hesabu ya takwimu ambayo Bradley na Terry waliiandika mwaka 1952. HackMIT walijengewa programu inayofanya kazi kwa mtindo huu, inaitwa Gavel, nayo ni ya bure. Jaji akikuta meza haina mtu, anairuka na kuendelea.

Ila fanyeni hesabu mapema. Jaji akitumia dakika tano kwa kila meza, kutembea kukiwamo, anafikia meza 24 kwa saa mbili. Majaji 30 watatembelea meza mara 720. Kwa timu 200, kila timu inaonwa mara tatu au nne tu. Hiyo inatosha kuwatenga walio bora, haitoshi kusema kwa haki kwamba huyu ni wa 57 na yule wa 58. Kwa hiyo tumieni mpangilio huo kuchagua kumi bora, kisha hao kumi wapande jukwaani mbele ya jopo moja. Namba za waliobaki msizitangaze.

Zawadi za wadhamini zihukumiwe kando, na timu ichague yenyewe inayowania. Mdhamini asiingie kwenye kura ya jumla kupitia mlango huo.

Mwaka jana tovuti ilikataa kufunguka ukumbini, lakini waliokuwa nyumbani waliiona vizuri. Tulidhani ni waifai. Ilikuwa nini? (Fundi wa kujitolea, Mombasa)

Ndugu yangu, kwa maelezo yako nadhani tovuti iliwaona kuwa wavamizi. Kwa kawaida watu wote walio kwenye waifai moja hutokea nje kwa anwani moja ya IP, yaani namba inayotambulisha kifaa mtandaoni. Seva yenye kinga inaona anwani moja ikituma maombi maelfu kwa dakika, inaifungia, na ukumbi mzima unabaki gizani. Wekeni kikomo kwa akaunti ya mtu badala ya anwani, au ulizeni wenye ukumbi anwani yao ya nje mapema muisamehe. Kabla hamjaizindua, jaribuni mkiwa mmeketi palepale ukumbini.

Mlangoni pia msitegemee mtandao. Simu zinazosoma msimbo wa QR ziwe na orodha nzima ya washiriki ndani yake, zioanishe na jukwaa baadaye. Na kuwe na orodha iliyochapwa kwenye karatasi, majina yakifuata mpangilio wa alfabeti, mikononi mwa mtu anayejua kuitumia.

Mdhamini anataka tumkabidhi taarifa zote za washiriki. Fomu imefika maswali 34. (Mratibu, Dar es Salaam)

Kataeni. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina ya kwake ya mwaka 2019. Unakusanya kinachohitajika kwa kazi uliyoitaja, na mwenye taarifa anakubali akijua. Namba ya kitambulisho cha taifa haina kazi kwenye hakathoni. Chakula asichokula, mahitaji ya ulemavu na simu ya ndugu wa dharura vina kazi, na vifutwe baada ya tukio. Anayetaka wasifu wake umfikie mdhamini aweke tiki mwenyewe, kisanduku kikiwa kitupu tangu mwanzo. Kukataa kusimpunguzie nafasi ya kukubaliwa.

Timu ikichelewa dakika mbili tufanyeje? (Mwanafunzi, Arusha)

Amueni leo, si siku hiyo. Muda ukiisha, jukwaa liichukue rasimu iliyohifadhiwa kama ilivyo na kuihesabu imewasilishwa. Juu ya hapo toeni dakika 15 za ziada kwa wote, ziandikwe kwenye kanuni tangu usajili unapofunguliwa. Baada ya hizo, fomu ijifunge yenyewe, na asiwepo mwandaaji mwenye kitufe cha kumfungulia rafiki.