Uliza Fundi Picha: mbona jani linatoka bluu?

SWALI: Fundi habari za kazi. Mi mwalimu huku Mikindani, nina klabu ya sanaa ya watoto, tumeanza zile picha za kizamani za jua, sayanotaipu, zile za bluu. Tunalaza jani la mkorosho kwenye karatasi tunaanika, ila palipokaa jani panatoka bluubluu badala ya peupe. Halafu moja ya kitambaa ilitoka safi, mtoto kaifua na sabuni ya unga ikawa rangi ya chai! Na wengine wananisumbua niwafundishe ile ya vioo.

JIBU: Salama mwalimu. Karatasi mnazikaushia wapi? Maana mi nahisi ni humohumo darasani karibu na dirisha, na hiyo dawa ikishapakwa haijui kusubiri, mwanga wa mchana unaopenya mlangoni tu unaianzisha. Pakeni na kukaushia stoo, balbu hafifu ya njano haina shida. Jani nalo libane kwa kioo na vibanio, upepo wa bahari ukilinyanyua jua linaingia chini yake. Vipimo ni amoniamu sitreti ya chuma gramu 25 kwenye maji mililita 100, na potasiamu ferisayanaidi gramu 10 kwenye mililita 100, kila moja chupa yake, mnachanganya nusu kwa nusu mkitaka kupaka tu. Mkianua, osheni kwa maji mpaka ile njano ikatike yote. Ikionekana imepauka msiitupe jamani, kesho yake bluu inakolea yenyewe.

Sabuni ya unga na magadi ndo adui wa hiyo bluu, kitambaa kifueni kwa maji matupu.

Ya vioo mwalimu achana nayo kwa watoto. Ile aliitoa Mwingereza Frederick Scott Archer mwaka 1851, kioo unakipaka kolodioni, yale majimaji mazito yanayonata, unakichovya nitreti ya fedha, unapiga na kusafisha kikiwa bado kibichi, na kwa joto letu hili kinakauka chap. Kolodioni ina etha, inashika moto, na wapo wanaomalizia na sianidi kabisa, ile sumu kali. Mi nitreti tu ilinipaka vidole weusi wiki nzima, mke wangu akawa hataki nishike unga.

Bakini na bluu, ila badilisheni jani. Sayanotaipu aliigundua John Herschel mwaka 1842, na mwaka uliofuata mama mmoja, Anna Atkins, akaanza kutoa nayo kitabu cha picha za mwani wa Uingereza. Na nyie hapo mwani mnao! Uosheni chumvi, ukaushe ukiwa umelala bapa, ndo muuweke. Ule mwembamba unaopitisha mwanga kidogo ndo mtamu zaidi.