Kitabu Kikikushinda, Taja Kilichokushinda

Swali la wiki lilikuwa hili: riwaya ya fantasia inayosifiwa na kila mtu ikikuchosha, kosa ni la kitabu au la msomaji? Mara nyingi si la yeyote. Wasomaji wawili wanaobishana juu ya riwaya moja kwa kawaida wanazungumzia vitu viwili tofauti vilivyomo ndani yake, na hakuna aliyetaja chake. Mmoja akisema nzuri anasifu ulimwengu uliobuniwa. Mwenzake akisema mbaya analalamikia mwendo wa hadithi. Wote wamesema kweli, kwa hiyo ubishi hauishi.

Mfano ulio wazi kabisa ni The Lord of the Rings ya Tolkien, iliyotoka kwa juzuu tatu mwaka 1954 na 1955. Kabla ya sura ya kwanza kuna utangulizi unaoeleza Hobbit ni watu gani, wanaishi vipi, hadi asili ya majani wanayovuta kwenye kiko. Hobbit mzee Bilbo akishaondoka, inapita miaka 17 ndipo mrithi wake, Frodo, naye anafunga safari. Mbele zaidi kuna baraza lililoitishwa na Elrond, sura ndefu ambamo watu wameketi wakisimuliana yaliyotokea kwingine. Msomaji anayefuata taharuki, anayetaka kujua nini kitatokea sasa hivi, huchoka hapo, na ana haki. Anayependa kukaa katika nchi yenye historia, lugha na nyimbo zake huona baraza hilo ndilo tamu kuliko yote, maana habari za pembe zote za dunia ile zinakutana mezani.

Ushauri kwa anayekwama: ruka utangulizi, utaurudia ukipenda. Usiruke sura ya pili, kwa sababu ndiyo inayoeleza Pete ya uchawi anayoibeba Frodo ni nini na kwa nini haiwezi kufichwa tu. Baraza lisome kwa mkao mmoja. Likikatwa vipande, majina yanapotea na unarudi mwanzo. Kisha endelea mpaka msafara utoke katika mapango ya Moria. Hapo mwandishi ameshaonyesha hatari, huzuni na mandhari kwa nguvu zake zote. Kama bado hujashikwa, kiweke chini bila aibu, kwa kuwa kilichobaki kimesukwa kwa uzi uleule.

Jambo la pili linalogawa wasomaji ni uchawi wenyewe, na hapa ndipo maneno makali hutoka. Brandon Sanderson, katika Mistborn ya mwaka 2006, ameuwekea sheria. Mtu humeza chembe za metali, na kila metali hutoa uwezo mmoja: chuma cha pua husukuma vitu vya metali, chuma cha kawaida huvivuta, bati hunoa hisi. Tena uzito unahesabiwa. Ukisukuma sarafu, sarafu inaruka. Ukisukuma nguzo nzito kuliko wewe, unayeruka ni wewe. Kwa hiyo msomaji makini anaweza kutabiri pigano litakwendaje. Mwaka 2007 Sanderson aliandika insha akisema kwamba uwezo wa mwandishi kutatua mgogoro kwa uchawi unalingana na jinsi msomaji anavyouelewa uchawi huo. Kanuni hiyo inafaa sana kupimia riwaya za aina yake. Ikitumiwa kumhukumu Tolkien, inapaswa kusomwa yote. Hakuna anayejua mipaka ya mchawi Gandalf, ni kweli, lakini Gandalf haifikishi Pete mwisho wa safari kwa uchawi badala ya Frodo. Frodo na mwenzake Sam wanatembea kwa miguu, wana njaa na kiu. Uchawi usiofafanuliwa unaharibu riwaya pale tu unapoibuka kumwokoa mhusika dakika ya mwisho. Ukibaki kuwa kitu cha kutisha au kustaajabisha, hauna haja ya maelezo. Anayesema sheria zinaua maajabu na anayesema bila sheria ni ulaghai wanatofautiana kwa ladha, na ladha hiyo haibadiliki kwa kushindana.

Umbali wa msimulizi hutajwa mara chache, ingawa naamini ndio unaowafukuza watu wengi bila wao kujua. Katika A Wizard of Earthsea ya Ursula K. Le Guin, ya mwaka 1968, msimulizi yuko mbali. Anaeleza miezi kwa aya moja, mazungumzo ni machache, na tangu ukurasa wa kwanza anasema kama mtu anayetoa habari za shujaa wa kale. Msomaji aliyelelewa na Adili na Nduguze ya Shaaban Robert ataingia humo bila taabu. Aliyezoea kusikia kila wazo la mhusika ataona baridi, atasema wahusika hawana uhai. Upande wa pili yuko N. K. Jemisin, ambaye katika The Fifth Season ya mwaka 2015 anamwita mhusika mmoja "wewe". Mfululizo unaoanza na kitabu hicho ulipata tuzo ya Hugo ya riwaya bora miaka mitatu mfululizo, 2016 hadi 2018, na bado wapo wanaouacha mapema kwa sababu ya "wewe" hiyo. Inafaa kuvumilia. Nafsi hiyo ina sababu ndani ya hadithi.

Wingi wa wahusika nao una matatizo yake. A Game of Thrones ya George R. R. Martin, juzuu ya kwanza ya mfululizo iliyotoka mwaka 1996, inasimuliwa kwa macho ya watu wanane, mbali na utangulizi, na kila sura imepewa jina la mwenye macho. Kinachoharibika ni kusoma sura moja leo na nyingine wiki ijayo: ukimrudia mmoja wao, kama Daenerys, umeshasahau aliachwa wapi. Soma kwa mikupuo mpaka kila mmoja umekutana naye mara mbili, na tumia orodha ya koo iliyo nyuma ya kitabu. Ujue pia kwamba juzuu ya nne, ya mwaka 2005, iligawanywa na ya tano, ya mwaka 2011, kwa kufuata wahusika. Katika ile ya nne Tyrion na Daenerys hawana sura hata moja. Wengi wanaoiita dhaifu wanawalilia hao wawili. Na asiyevumilia hadithi isiyo na mwisho asianze mfululizo huu hata kidogo, maana juzuu ya sita haijatoka.

Si kila lawama ni ladha, hata hivyo. Juzuu ya kumi ya The Wheel of Time ya Robert Jordan, iliyotoka mwaka 2003, inarudi nyuma kwa sehemu kubwa kuonyesha wahusika wengine walikuwa wapi wakati wa tukio kubwa lililofunga juzuu ya tisa. Tukio lile msomaji analijua tayari, hivyo msuko unasimama. Hilo ni kosa la ujenzi, na mpenzi wa mfululizo huo anaweza kulikiri bila kuuacha. Aliyefika pale asome muhtasari wa juzuu hiyo aendelee na ya kumi na moja, ambako mambo yanachangamka tena.

Kosa jingine ni la kuanzia pabaya. Vitabu vya Narnia vya C. S. Lewis visomwe kwa mpangilio wa kuchapishwa, kuanzia The Lion, the Witch and the Wardrobe cha 1950. Ukianza na The Magician's Nephew cha 1955 kwa kuwa matukio yake ni ya zamani zaidi, unapewa asili ya taa iliyo msituni kabla hujapata nafasi ya kuishangaa. Discworld ya Terry Pratchett ina riwaya 41. Asiyejua kazi zake aanze na Mort ya 1987 au Guards! Guards! ya 1989, kwa sababu ile ya kwanza kabisa inadhihaki fantasia za zamani ambazo huenda hajazisoma.

Kabla ya kununua chochote, soma sura ya kwanza kisha fungua katikati, mahali penye mazungumzo. Hesabu majina mapya katika kurasa mbili. Tazama kama msimulizi anaeleza wakati unapita au anakuweka ndani ya tukio. Kitabu cha kurasa 300 kipe kurasa 50, cha kurasa 800 kipe 100.

Na ukiombwa ushauri, usimuulize mtu anapenda nini. Atakutajia kitabu maarufu. Muulize ni kipi alikiacha, na alikiachia wapi. Aliyeachia kwenye baraza la Elrond kwa sababu ya maneno mengi, mpe Mistborn. Aliyeachia palepale kwa sababu ya majina mengi, mpe A Wizard of Earthsea, kitabu kifupi chenye mtu mmoja wa kumfuata tangu utoto wake.