Nilipandisha presha ya mafuta hadi 55, Kitonga ikanishusha

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, gari yangu haivuti. Nataka nifunge regyuleta ya kurekebisha presha ya mafuta, niweke ngapi?" Nikacheka, halafu kicheko kikakata. Swali hilohilo niliwahi kuliuliza mimi, na aliyenijibu alikuwa muuza duka.

Gari yangu ni Toyota GX100, injini 1G-FE ya silinda sita, ile ya zamani isiyo na VVT-i (mfumo wa kubadili muda wa valvu). Ilianza uvivu. Fundi wangu wa siku zote akasema, "Pima kwanza." Nikamwona amepitwa na wakati. Nikaenda Gerezani, nikanunua regyuleta inayong'aa, nikaifunga mwenyewe usiku, simu mdomoni inamulika. Geji ilisoma 40, kwa kipimo cha psi. Nikakaza skrubu hadi 55. Wallahi niliisikia injini imebadilika! Picha ya geji nikairusha kwenye grupu, sifa zikamiminika.

Hesabu yenyewe sikuifanya. Mafuta kwenye nozeli, zile zinazopulizia injini petroli, hayaongezeki sawa na presha, yanafuata kipeuo chake cha pili: toka 40 hadi 55 unapata kama asilimia 17 tu. Na hiyo asilimia 17, ukitembea taratibu, kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, inaiona kupitia sensa ya oksijeni kwenye ekzosi na kuipunguza. Kwa hiyo toka Dar hadi Ruaha Mbuyuni nilikuwa naendesha gari ileile, ila mimi nilikuwa nimevimba kichwa.

Kitonga ikaja, ule mlima wa kona kuelekea Iringa. Mlimani unakanyaga mpaka chini, na hapo boksi haisikilizi sensa tena, inafuata jedwali lake la kiwandani. Mafuta ya ziada yote yakaingia. Gari ikaanza kupiga misi, silinda zinakosa kuwaka, nyuma moshi mweusi tii. Lori likatupita, likatupita! Utingo akachungulia: "Bosi, umehamia dizeli?"

Nikafungua plagi pale kando ya barabara. Nyeusi kama masizi ya sufuria, zimelowa petroli, na pengo la cheche limelika mpaka ukucha unapita. Shemeji yangu niliyesafiri naye kashika chupa ya maji, hasemi kitu. Kimya kile mpaka leo kinaniuma kuliko maneno ya utingo.

Dawa ilikuwa plagi sita mpya, filta ya hewa, na skrubu kurudi 40. Fundi hakunicheka, na hilo nalo lilinichoma.

Sasa ndugu yangu, pima kwanza. Chomoa mpira wa vakyumu kwenye regyuleta injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa: presha lazima ipande, na Toyota nyingi za zama zile hukaa kati ya psi 38 na 44. Mpira ukinuka petroli, ngozi ya ndani ya regyuleta imepasuka, badilisha. Presha ikiwa chini, tazama filta ya mafuta na pampu, usikimbilie skrubu. Ikiwa sawa, tatizo liko kwingine, na kuongeza mafuta ni kumwagia maji mtu anayezama. Vijana tunapenda vitu vinavyong'aa chini ya boneti, plagi ya bei ya soda mbili tatu tunaidharau. Pima kwanza, nasema tena.

Regyuleta yangu nilishaifungua, ipo kwenye boksi lake, chini ya kitanda. Ukiitaka njoo uichukue bure, ila uje na plagi zako mkononi nizione.