Mikono Nyuma, Mwanangu

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimevaa miwani. Sisi hatujambo, mama yako anakusalimu. Nimefurahi kwamba chuo kimekupa darasa la upambaji wa maua, na nimecheka pale ulipoandika: "Baba, nimewatengenezea kielelezo kimoja, nikageuka kunawa mikono, niliporudi meza zote kumi na nane zina kitu kilekile. Jicho linafundishika kweli, au mtu huzaliwa nalo?" Chini kabisa, kwa herufi ndogo, ukauliza kama ndoo za maua zioshwe hata zikionekana safi. Ndoo zingoje kwanza.

Jicho linafundishika, mama. Ila halianzi lenyewe. Wiki za mwanzo ni za maji na mikono, na usione haya mkuu wa chuo akipita akakuta darasa zima linasugua vyombo. Mwanafunzi asiyejua kwa nini waridi limelaza shingo siku ya pili, habari za uwiano na mizani utamwambia bure.

Mimi nilikuwa nawaonyesha hivi. Mawaridi mawili ya siku moja. La kwanza nalikata mshazari kwa kisu kikali, natoa majani yote yatakayogusa maji, naliingiza kwenye maji papo hapo. La pili nalikata kwa mkasi butu, naliacha juu ya meza mpaka kipindi kiishe, kisha nalitia majini na majani yake yote. Sisemi neno. Siku ya nne nawaambia wanuse. Mmoja atakunja uso, mwingine atauliza mbona hili limekufa, na hapo ndipo naeleza mirija ya shina: namna mkasi unavyoiponda, hewa inavyoingia na kukata njia ya maji, na majani yanayooza yanavyozalisha bakteria wa kuja kuziba kilichobaki. Nimewahi kueleza kwanza na kuonyesha baadaye. Waliandika vizuri sana kwenye madaftari, na wiki iliyofuata majani yalikuwa ndani ya maji.

Mengine ya namna hiyo wape kadiri maua yanavyokuja: nargisi hutoa utomvu unaodhuru maua mengine, kwa hiyo zikae peke yake kwanza, tulipu huendelea kurefuka hata baada ya kukatwa, umbo uliloacha jioni silo utakalokuta asubuhi, matunda yanayoiva yasiwekwe chumba kimoja na kaneshoni, maana gesi yake ya ethilini huzifanya zijikunje na kusinyaa. Na okidi usiiweke kwenye baridi ileile ya waridi. Waridi hupenda nyuzi chache tu juu ya sifuri; okidi nyingi zikishuka chini ya nyuzi 10 huungua kwa baridi.

Sasa mkono. Shada la mzunguko, lile ambalo mashina yake yote huzunguka kwa mshazari mmoja, ndilo litakalowatoa jasho, kwa hiyo liwahi mapema. Shina la kwanza linakaa kati ya kidole gumba na cha shahada. La pili linapita mbele yake kimshazari, kichwa kushoto, mguu kulia. La tatu vivyo hivyo, la nne vivyo hivyo, unageuza kidogo kidogo mkononi, na mwelekeo haubadiliki hata mara moja. Shina moja likipita kinyume, fundo linagoma na mashina yanaumizana pale penye kamba. Ukishafunga, kata miguu iwe sawa, lisimamishe mezani. Likisimama lenyewe, umepata. Likilala, fungua. Mimi lilinilalia wiki mbili, mpaka mwalimu wangu akaninyang'anya maua akanipa penseli ishirini. Penseli hazichubuki na hazina harufu ya kukudanganya kwamba umetengeneza kitu kizuri. Nilikuwa nazifunga kitandani, gizani.

Turudi kwenye meza zako kumi na nane. Kunakili si kosa. Wajapani wanaofundisha ikebana, yaani sanaa yao ya kupanga maua, wana habari iliyoandikwa ya mtawa Ikenobo Senkei akipanga maua Kyoto mwaka 1462, na mpaka leo mwanafunzi wao hurudia maumbo ya mwalimu kwa muda mrefu kabla ya kuachiwa. Kilichokuponza ni kukiacha kielelezo mezani. Kionyeshe, wakizunguke, waone na mgongo wake, kisha kiondoe kabisa chumbani. Wagawie wote maua yaleyale, tuseme mashina saba na majani ya aina mbili, lakini kila meza ipe sharti lake: hawa wasizidi kimo cha chombo, hawa waache upande mmoja wazi, hawa lazima ua kubwa kuliko yote liwe chini. Ile kanuni ya kimo kuwa mara moja na nusu ya chombo wafundishe kama mkongojo, na waambie hivyo hivyo kwamba ni mkongojo.

Wakimaliza, kila mmoja atoe mashina mawili. Utasikia manung'uniko! Hakuna anayetaka kutoa. Lakini atalazimika kuuliza lipi likiondoka halitakumbukwa, na swali hilo ndilo jicho lenyewe linafumbuka. Jingine: wapige picha kwa simu, waigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Waridi jekundu waliloona linawaka katikati ya majani ya kijani litazama, vyote viwili vitakuwa kijivu kimoja. Niligundua hilo uzeeni, laiti ningelijua nikiwa kijana.

Najua utasema maua ya kufundishia hayatoshi. Hayajawahi kutosha. Constance Spry, yule Mwingereza aliyepamba maua ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth mwaka 1953, kabla ya kufungua duka lake London mwaka 1929 alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya vijana wa viwandani mashariki mwa jiji hilo. Alijulikana kwa kuchanganya majani ya mboga na matawi ya vichakani na maua ya bei, na kuyashikiza kwa waya wa kuku uliokunjwakunjwa ndani ya chombo. Watoe wanafunzi nje, warudi na nyasi, maganda ya mbegu, tawi lililopinda.

Sababu nyingine ya kutoudharau waya huo wa kuku ni sponji ya kuchomekea maua. Najua wanaipenda ile ya kijani, na mtu akiitumia ajue kuitumbukiza: inaachwa izame yenyewe, ukiisukuma kwa kidole hewa inabaki katikati na shina litakufa limezungukwa na maji. Lakini ni plastiki, inamomonyoka vipande vidogo vidogo na haiozi, na tangu mwaka 2021 chama cha kifalme cha kilimo cha bustani cha Uingereza kimeipiga marufuku kwenye maonyesho yake. Atakayetoka kwako akijua sponji tu amejua nusu ya kazi.

Sasa lile zito, ambalo hukuliuliza. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja mpole, mwepesi wa kusikia. Kila nikipita mezani kwake nilikuwa nachomoa shina hapa, napachika pale, kazi inang'aa, naye anasema asante mwalimu. Alifaulu vizuri. Harusi yake ya kwanza ya kulipwa alinipigia simu usiku, meza zimejaa maua, analia: "Mwalimu, njoo unimalizie." Nikaenda. Nikiwa njiani ndipo nilipoelewa kwamba miaka miwili yote nilikuwa nikimalizia mimi, na cheti kile kilikuwa changu.

Tangu siku ile nikawa natembea darasani mikono nimeifunga nyuma. Wanafunzi walinitania kwamba natembea kama askari. Ukiona shina limekaa vibaya na vidole vinakuwasha, uliza: jicho lako linaingilia wapi hapa? Linatokea wapi? Ukikizungusha, aliyekaa upande wa pili anaona nini? Kisha ondoka, usisimame kungoja jibu. Nawajua walimu hodari, wakiwemo hao wa ikebana, wanaorekebisha kwa mikono yao na wanafunzi wao wakawa mabingwa. Labda wao wanajua waachie wapi. Mimi sikujua.

Ndoo: ndiyo, zioshwe hata zikionekana safi. Maji ya moto, sabuni, burashi, kisha dawa kidogo ya klorini. Pitisha kidole ukutani kwa ndani, kikiteleza, haijaoshwa. Mrudishie mwenye zamu, wewe usiioshe.

Baba yako